TGV, ICE, Shinkansen au Javelin: kebini ipi ina ukweli zaidi kwenye simyuleta?

Nianze na aibu yangu. Nilikuwa kwenye simyuleta, ndani ya ICE 1, treni ya mwendokasi ya Ujerumani, njia ya Kassel kwenda Würzburg, kilomita 250 kwa saa, mahandaki yakipokezana na madaraja, na mikono yangu yote miwili haina kazi. Nikajisemea, treni yenyewe inajiendesha, ngoja nijibu ujumbe kwenye simu. Taa ikawaka mezani, sikuiona. Mlio ukafuata, nikadhani ni simu. Nilipoinua kichwa breki ya dharura ilikuwa imeshajifunga na mshale wa spidi unaporomoka. Tukaishia kusimama gizani, mimi na treni yangu, kama gari lililoishiwa mafuta.

Niliudhika, kisha nikacheka. Katika saa nzima ile, hiyo ndiyo dakika pekee ambayo simyuleta ilinichukulia kama dereva. Mtambo ulionikamata Wajerumani wanauita Sifa. Dereva anakanyaga pedali, na kila baada ya sekunde 30 hivi lazima aiachie na kuikanyaga upya, la sivyo mtambo unahesabu kwamba amelala au amezimia. Kwenye treni ya kweli hauna huruma. Kwenye simyuleta mara nyingi unaukuta umezimwa mpaka uuwashe mwenyewe, na wachezaji wengi hawajui hata kama upo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achukue treni gani ya mwendokasi kama anataka uhalisia, sianzi na vitufe vilivyochorwa vizuri. Siku hizi kila mtu anachora vitufe vizuri. Mimi nauliza: kwenye kebini hiyo, nani anafunga breki?

Kwa nini breki, si spidi

Piga hesabu kidogo. Kilomita 300 kwa saa ni mita 83 kila sekunde. Ukipunguza mwendo kwa upole unaomwacha abiria aliyesimama asiyumbe, tuseme mwendo ushuke mita 0.6 kwa sekunde kila sekunde inayopita, utahitaji zaidi ya dakika mbili na karibu kilomita 5.8 ndipo usimame. Sasa taa ya ishara iliyo kando ya reli utaiona kwa muda gani? Sekunde chache hewa ikiwa safi, na kukiwa na ukungu huenda usiione kabisa. Ndiyo maana njia za kasi hazimtegemei dereva atazame nje. Ishara inaletwa ndani, juu ya meza, naye anaendesha kwa kuisoma meza.

Kuifikisha treni 300 ni kazi rahisi: weka nguvu, subiri. Kazi yenyewe ni kuambiwa upunguze, kuelewa umeambiwa nini, na kufika kwenye kiwango hicho mahali panapotakiwa. Ufaransa, Ujerumani na Japani zililitatua jambo hili kwa njia tatu zisizofanana, na kila kebini inakutaka uwe dereva wa aina nyingine. Usiponunua ukijua unataka kuwa dereva wa aina gani, utajikuta na treni nzuri inayokuchosha ndani ya siku tatu.

TGV: breki ni yako

TGV Duplex, treni ya kasi ya Ufaransa, iliingia kwenye simyuleta ya Train Sim World mwaka 2021 pamoja na njia ya kasi ya LGV Méditerranée, kipande cha Marseille hadi Avignon. Njia halisi ilifunguliwa mwaka 2001. Ukikaa kwenye kiti, usitafute wenzo wa kusukuma mbele kama wa ndege. Mbele yako kuna gurudumu lililolala kwenye meza, na hilo ndilo linaloamua nguvu ya mota. Ukilizoea, meza nyingine zote zinaonekana za kawaida mno.

Mtambo wa kumchunga dereva hapa unaitwa VACMA, nao ni mjanja kuliko ule wa Ujerumani. Dereva anatakiwa awe anaugusa au kuukanyaga muda wote. Akiachia, baada ya sekunde mbili na nusu unalia, na asipoitika breki zinafunga. Akiushikilia bila kuuachia hata mara moja, ukikaribia sekunde 55 unalia kwa sauti nyingine, na mwisho ni ule ule. Yaani ulale umeachia au ulale umekumbatia, utakamatwa tu.

Utamu wenyewe uko kwenye breki. Kwa desturi ya Kifaransa wenzo wa breki haubaki pale ulipouweka. Una springi. Unausukuma upande wa kufunga, presha kwenye bomba kuu la hewa ya breki inashuka kutoka bar 5 kadiri unavyoushikilia, ukiuachia unarudi katikati na presha inabaki ilipofika. Kufungua, unaupeleka upande wa pili, vivyo hivyo kidogo kidogo. Hakuna kitu kinachoitwa breki asilimia 40. Kuna geji, kuna sekunde ulizoshikilia, na kuna kuchelewa kabla treni nzima haijahisi ulichokifanya. Simyuleta ikiugeuza wenzo huo kuwa kipimo cha sifuri hadi mia, imekunyima nusu ya kazi ya dereva wa Kifaransa. La kuchekesha ni kwamba hapa kibodi duni inashinda joystiki ya gharama, kwa sababu kubonyeza kitufe na kukiachia ni tendo lile lile la wenzo wenye springi.

Halafu kuna TVM 430, mfumo unaoleta ishara kupitia reli zenyewe. Mezani inakuonyesha namba ndani ya kisanduku cha rangi. Kijani maana yake uko huru kwenda kasi kamili ya njia. Mbele kukiwa na kizuizi namba zinashuka kwa ngazi: 300, 270, 230, 170, kisha 000, na nyuma yake nyekundu. Namba ikianza kupepesa bila kubadilika, kaa chonjo, kipande kinachofuata huenda kikawa kikali zaidi.

Angalia kitu ambacho hakipo pale: umbali. TVM haikuambii zimebaki mita ngapi. Kipande kimoja cha njia ni kama kilomita moja na nusu, na mwisho wake umewekewa kibao cha bluu chenye pembetatu ya njano kando ya reli. Kwa mwendo wa 300 unakimaliza kwa sekunde 18. Dereva anajua mita zake kwa kuijua njia na kwa kuhisi breki yake, na mtambo haumsaidii kufunga. Unamwacha afanye kazi, akizidisha ndipo unaingilia kati kwa nguvu. Mara ya kwanza niliposhuka ngazi zote mpaka 170 bila kuguswa na mtambo, nikiwa nimefunga breki mara mbili tu na kuifungua mara moja, nilijisikia kama nimefaulu mtihani.

Karibu na Marseille kuna la ziada: unatoka kwenye umeme wa volti 25,000 wa njia ya kasi na kuingia kwenye volti 1,500 za njia ya zamani. Lazima ukate nguvu, ubadili, usubiri mwanga unaofaa, uwashe tena, treni ikiserereka bila mota. Ukisahau utaserereka mpaka uchoke.

ICE: mikono mifukoni, macho mezani

Wajerumani walilitazama tatizo lile lile wakasema, kwa nini tumfiche dereva umbali? Waliulaza waya katikati ya reli, njia nzima, treni na kituo vikawa vinazungumza bila kukatika. Mfumo huo unaitwa LZB, na maonyesho yake ya kwanza kwa kasi ya 200 yalifanyika mwaka 1965, karibu na München. Mezani unapata vitu vitatu kwa pamoja: mwendo unaoruhusiwa sasa hivi, mwendo utakaotakiwa mbele, na mita zilizobaki kufika hapo. Kwenye geji ya ICE kuna pembetatu nyekundu inayotembea pembeni ya namba. Ikianza kurudi nyuma taratibu, wewe unaufuata mkunjo wa kupunguza mwendo. Hakuna ngazi.

Juu ya hilo wakaongeza AFB. Unaweka mwendo unaoutaka kwenye wenzo wake, unaweka nguvu kwenye wenzo mwingine, na treni inashika mwendo huo yenyewe. LZB ikifanya kazi, AFB inaitii LZB na kufunga breki pia. Ndiyo maana nilipata muda wa kushika simu kule handakini. Wapo wanaolalamika kwamba ICE kwenye simyuleta inachosha kwa sababu inajiendesha. Lakini ndivyo ilivyo. Dereva halisi wa ICE akiwa kwenye njia ya kasi ni msimamizi: anasoma, anakiri maonyo kwa kubonyeza kitufe, anakanyaga pedali, anasubiri kitu kitakachokwenda kombo. Ukinunua ICE ukitarajia kupigana na treni, kosa si la treni.

Ukitaka kupigana nayo, toka kwenye LZB. Ikikaribia mwisho wa waya taa ya ENDE, yaani mwisho, inakuita, lazima uikiri, usipokiri unafungiwa breki. Baada ya hapo uko mikononi mwa PZB, mfumo wa sumaku kando ya reli, na hapo utajua hujui. Ukipita sumaku ya 1000 Hz una sekunde 4 za kubonyeza kitufe cha kukiri. Kisha, kwa treni ya daraja hili, una sekunde 23 uwe umeshuka chini ya 85. Ukifika sumaku ya 500 Hz, mita 250 hivi kabla ya ishara yenyewe, hutakiwi kuzidi 65, na ndani ya mita 153 uwe chini ya 45. Hakuna anayekuonyesha mkunjo huo mezani. Unao kichwani, au huna. Mimi nilikuwa na karatasi ubavuni mwa skrini kwa miezi miwili.

Kwa hiyo ICE kwenye simyuleta nzuri ni treni mbili ndani ya moja: mashine inayokuhudumia kwa 250, na mkaguzi mkali ukiingia stesheni. Train Sim World inayo ICE 1 ya Kassel–Würzburg tangu mwaka 2022, na kabla ya hapo ICE 3M ya Köln–Aachen. Njia ya Kassel–Würzburg naipenda zaidi kwa sababu waya wa LZB unadumu muda mrefu, mpaka usingizi unakuja kwa haki. Ni kipande cha njia ya Hannover–Würzburg iliyokamilika mwaka 1991, na upande wa kusini, kati ya Fulda na Würzburg, ndipo treni ya majaribio ya ICE ilipofikia kilomita 406.9 kwa saa tarehe 1 Mei 1988.

Lakini kama sheria za Kijerumani ndizo zinazokukosesha usingizi, basi nenda Zusi, simyuleta ya Kijerumani. Picha zake hazimvutii mtu yeyote, nyasi ni nyasi tu. Ila PZB na LZB yake zinafuata kitabu mpaka kwenye koma, na toleo lake la kitaalamu hutumika kufundishia madereva. Mtu aliyetoka Zusi akikaa kwenye ICE ya simyuleta nyingine, dakika tano za kwanza anatafuta kilichokosekana.

Neno moja kuhusu ICE 3 kabla sijaondoka. Ina breki ya sumaku inayozalisha mikondo ya umeme ndani ya reli bila kuigusa, na dereva huruhusiwa kuitumia kama breki ya kawaida kwenye baadhi ya njia tu, mfano Köln–Rhein/Main yenye miinuko ya mita 40 kwa kila mita 1,000. Simyuleta inayoichanganya breki hiyo na breki nyingine kila mahali, bila kujali njia, imerahisisha mambo.

Shinkansen: treni inafunga, wewe unamalizia

Kwa Wajapani, njia ya Tokaido ya Shinkansen, treni zao za kasi, ilianza mwaka 1964 ikiwa na kasi ya 210 na tayari ishara zake zilikuwa ndani ya kebini. Mfumo wao, ATC, tofauti na TVM, haumsubiri dereva akosee. Mwendo unaoruhusiwa ukishuka, treni inafunga breki yenyewe mpaka ifike, kisha inaachia. Zamani ilikuwa kwa ngazi: 210, 160, 110, 70, 30. Mifumo mipya ya kidijitali inafuata mkunjo mmoja laini, na abiria hawatikiswi tena.

Dereva anabaki na nini? Anabaki na mwisho. Kwenye mpangilio ule wa zamani, treni ikiingia stesheni inashushwa mpaka 30, dereva anabonyeza kitufe cha kukiri, na kutoka hapo anasimamisha kwa mkono wake kwenye alama. Inasikika ndogo. Jaribu kuusimamisha msururu wa mabehewa 16, wenye urefu wa mita 400, mlango ukutane na lango la abiria, na ratiba imepangwa kwa vipande vya sekunde 15. Kule hata sekunde zinahesabiwa.

Kuna jambo la mikono linalowatega wengi. Treni za kawaida za Kijapani zenye nyenzo mbili huweka nguvu kushoto na breki kulia. Shinkansen ni kinyume: breki kushoto, nguvu kulia. Ukiona kebini ya Shinkansen iliyopangwa kama treni ya mtaani, aliyeitengeneza hakuitazama picha vizuri. Toleo la Densha de GO! la Sanyo Shinkansen la mwaka 2001, kwenye PlayStation 2, lilikuwa hata na kidhibiti chake maalumu kwa sababu hiyo. Ni gemu, ina pointi na adhabu, lakini kwa ile mita ya mwisho kwenye jukwaa sijaona kinachoishinda kwa ukali. Anayetaka Shinkansen kwenye kompyuta bila kutoa fedha ana openBVE, simyuleta ya bure, yenye treni zilizotengenezwa na mashabiki. Ubora wake ni bahati nasibu: nyingine zimetengenezwa na watu wanaojua kila nochi, yaani kila ngazi ya wenzo, nyingine ni sanduku jeupe lenye mlio wa mota.

Kitu kimoja huwezi kukinunua. Dereva wa Kijapani ananyoosha kidole kwenye kila ishara na kuitaja kwa sauti. Mimi huwa nafanya hivyo nikicheza. Walioko chumba cha pili wameshazoea.

Javelin, na Pendolino ya Poland

Javelin, yaani treni ya Uingereza ya Class 395 iliyojengwa na Hitachi, inafika maili 140 kwa saa, sawa na 225 kwa kilomita. Kwa spidi ni mdogo wa wote niliowataja mpaka hapa. Ila kwa anayeanza ndiyo ningempa. Nguvu na breki viko kwenye wenzo mmoja: huku unakwenda, huku unasimama, katikati unaserereka. Kati ya St Pancras na Ebbsfleet uko kwenye HS1, njia ya kasi ya Uingereza yenye TVM 430 ile ile ya Wafaransa na mwendo kwa kilomita. Ukishuka Ebbsfleet kwenda kwenye njia ya zamani, umeme unatoka juu na kuhamia reli ya tatu ya volti 750, mwendo unasomwa kwa maili, na anayekuchunga sasa ni AWS: kengele ukiwa na kijani, honi ukiwa na chochote kingine, na una kama sekunde mbili za kuikiri kabla breki haijafunga. Ukiikiri, duara dogo mezani linageuka kuwa ua la njano na nyeusi kukukumbusha kwamba ulionywa na ukakubali. Nalipenda ua lile, kwa sababu ndilo ushahidi dhidi yako.

Safari moja fupi inakufundisha mifumo miwili na ubadilishaji mmoja wa umeme. Thamani ya dakika zake ni kubwa.

Pendolino ED250 ya SimRail, simyuleta ya treni za Poland, ni hadithi nyingine. Kwenye njia kuu ya CMK nchini Poland inakwenda 200, na huenda utasema hiyo si kasi. Lakini SimRail, iliyoanza kuuzwa ikiwa haijakamilika Januari 2023, ina kitu ambacho hizo nyingine hazina: kwenye seva za pamoja, anayekupangia njia ni mchezaji mwenzako aliyekaa kwenye chumba cha ishara. Ukikuta ishara nyekundu, kuna mtu aliyeiweka, na unaweza kumpigia redio. Uhalisia wa namna hiyo hautoki kwenye meza, lakini unaibadili meza: unaanza kuitazama kwa wasiwasi wa kweli. Mtambo wa SHP unakukamata kwenye sumaku, na kila dakika moja hivi kuna wa kukuuliza kama uko macho.

ED250 pia inakuonyesha ETCS, mfumo wa Ulaya ambao polepole unachukua nafasi ya LZB na wenzake. Geji ya duara, mshale unabadilika rangi: kijivu uko salama, njano kuna kupunguza mbele, chungwa umezidi, nyekundu mtambo umechukua treni. Ni rahisi kuliko yote kusoma. Ukitaka ujuzi utakaoutumia kwenye treni nyingi zijazo, huu ndio wa kujifunza.

Kwa anayependa kuziona kwa pamoja:

| Kebini | Anayefunga breki mwendo ukishuka | Unachokiona mezani | Ugumu wenyewe uko wapi |
|---|---|---|---|
| TGV Duplex | Wewe | Ngazi za mwendo, bila umbali | Breki ya springi |
| ICE 1, ICE 3 | AFB, ukiiruhusu | Mwendo, lengo na umbali | PZB baada ya LZB |
| Shinkansen | ATC | Mwendo unaoruhusiwa | Kusimama kwenye alama |
| Javelin | Wewe | TVM, kisha AWS | Kubadili mfumo njiani |
| ED250 | Wewe | Mkunjo wa ETCS kwa rangi | Binadamu wa upande wa pili |

Mkono wako unashika nini

Uhalisia wa kebini unaishia pale kidole chako kinapoanzia. RailDriver, inayotengenezwa na P.I. Engineering, ndiyo meza inayojulikana zaidi, na ni imara. Tatizo ni kwamba ilibuniwa kwa treni za dizeli za Marekani: ina wenzo wa breki ya treni na mwingine wa breki ya injini peke yake. Kwa treni ya mizigo ni raha tupu. Kwa TGV wenzo mmoja unabaki pambo, na ule wa pili unabaki ulipouweka, kitu ambacho breki ya Kifaransa haikitaki.

Kidhibiti cha wenzo mmoja cha Zuiki, kilichotengenezwa kwa ajili ya Densha de GO!!, kina nochi zinazokwaruza vizuri mkononi: dharura, breki nane, katikati, nguvu tano. Ukikipangilia kwenye kompyuta kinaipendeza Javelin kwa sababu nayo ni ya wenzo mmoja. Kwa Shinkansen halisi hapana, ile ni ya mikono miwili.

Niliwahi kununua kidhibiti kingine cha plastiki, cha bei ndogo, jina lake nitaliweka kapuni. Baada ya wiki sita katikati yake ikahama. Simyuleta ikawa inaamini nimeweka nguvu asilimia mbili muda wote. Treni ilikuwa inasimama jukwaani, milango inafunguka, halafu inaanza kutambaa polepole na abiria wanaendelea kupanda. Kwa kebini zenye nochi, tafuta kidhibiti chenye nochi. Kwa zile za kuteleza kama AFB, mhimili laini unafaa. Na kama huna chochote, kibodi haikuaibishi: kitufe kimoja ulichokipanga vizuri cha kukiri, karibu na kidole gumba, kina faida kuliko wenzo wa dhahabu.

Ukiamua

Ukipenda kuendesha kwa mikono, chukua TGV. Ukipenda kusoma sheria na kukamatwa, ICE, na ukizidiwa na mapenzi hayo hamia Zusi. Ukiwa mgeni kabisa, Javelin. Ukichoka kucheza peke yako, SimRail. Anayetaka kujaribu bila kutoa hata senti ana Open Rails, simyuleta inayofungua treni zilizotengenezwa kwa ajili ya Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001, ile iliyokuja na Acela ya Marekani. Kuweka kila kitu sawa kunahitaji jioni nzima na moyo mgumu.

Steam, duka la gemu la mtandaoni, inakurudishia fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujavuka saa mbili za kucheza, kwa hiyo saa ya kwanza usiitumie kutazama mandhari. Washa mitambo yote ya usalama, fika kasi ya juu, kisha fanya haya matatu. Funga breki kidogo na uiachie, ukikodolea macho geji ya presha: ikicheza papo hapo na kidole chako, hiyo ni breki ya gari, si ya treni. Kaa bila kugusa kitu kwa dakika moja na nusu uone kama kuna atakayekuuliza uko hai. Mwisho, subiri mwendo unaoruhusiwa ushuke, na usifanye lolote. Kwenye TGV na Javelin unatakiwa kuadhibiwa, kwenye ICE yenye AFB unatakiwa kuokolewa, kwenye Shinkansen usihisi kitu. Ikiwa treni itaendelea kukata mbuga kwenye nyekundu na kinachotokea ni maandishi ya kukunyima pointi kwenye kona ya skrini, fungua ukurasa wa kurudishiwa fedha, maana dakika bado unazo.